Stroberi za Mama Mkwe

Otilia Maripil alimtambua kwa kikohozi kabla hajageuka. Nolberto Cayul hakuwahi kumwendea mtu bila kukohoa kidogo kwanza, kama anayebisha hodi mahali pasipo na mlango. Alikohoa hivyo siku walipokutana kwenye mbio za farasi, akakohoa hivyo jioni alipomshika mkono kwa mara ya kwanza. Na sasa, baada ya mwaka mzima na siku kumi na mbili bila kusemeshana, alikuwa amesimama nyuma yake kwenye mteremko wa milima ya Nahuelbuta, akikohoa.

Otilia hakuinua kichwa. Aliendelea kuchuma. Vidole vyake viliijua kazi hiyo tangu utotoni: kimoja kinafunua jani, viwili vinabana kikonyo, stroberi inadondoka kiganjani. Ila sasa stroberi mbili mbivu zilimpasukia mkononi.

"Habari za asubuhi, Otilia."

"Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kukuona."

"Umeshaniona. Teremka."

Hakuteremka. Jua la Januari lilikuwa limeanza kuchoma migongo ya miamba, na chini kabisa, ng'ambo ya misonobari, ziwa lilikuwa linang'aa hadi linaumiza macho. Mwishowe Otilia akageuka.

Alikuwa amejiandalia uso wa siku hii. Mara ngapi aliufanyia mazoezi mbele ya kioo cha bibi yake, uso mkavu, usiosema kitu! Lakini alipomwona, uso ule ukamponyoka. Nolberto alikuwa amekonda. Kola ya shati ilimpwaya shingoni, ndevu hazijanyolewa, na macho yake, yale macho ya kahawia yaliyokuwa yakimfuata dansini kutoka kona hadi kona, yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha siku nyingi. Otilia alitamani kumpiga kofi. Alitamani pia kumfunga kifungo cha shati kilichoachwa wazi. Hamu hizo mbili zilimjia kwa pamoja, naye akazichukia zote.

"Mama anaumwa," Nolberto akasema.

"Najua. Kijiji kizima kinajua."

"Madaktari wamemrudisha nyumbani. Wamesema tumbo limeshaharibika, hakuna tena cha kukata. Siku ya nne leo hajala." Alikuwa ameshika kopo la aiskrimu lililoonekana tupu, akilizungusha mikononi. "Jana akaniambia kuna kitu kimoja tu anaweza kumeza. Stroberi za huku mlimani, zilizopondwa na unga wa ngano ya kukaanga, kama alivyokuwa akiandaliwa na marehemu mama yake. Nikatoka alfajiri nikamchumia. Ameonja moja, akatema kwenye shuka. Akaniambia, hata hili nalo limekushinda?"

Akafungua kopo. Kumbe halikuwa tupu. Ndani yake mlikuwa na vitunda vyekundu, vya mviringo, vilivyong'aa kama shanga za dukani.

Otilia akachungulia, na japo hakutaka, kicheko kikamtoka puani.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kando ya mfereji, nyuma ya shule."

"Nolberto, hizi ni stroberi za uongo. Hata kuku hawazigusi."

"Mbona zinafanana?"

"Kwako wewe nyanya na pilipili zinafanana." Akachukua kimoja, akakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe kama pamba iliyolowa. "Onja. Ina ladha gani?"

"Ya maji."

"Hata maji yana ladha kuliko hiyo. Ua lake ulilionaje? La njano, sivyo? Basi hapo ndipo ungeacha. Stroberi yenyewe ina ua jeupe, petali tano. Halafu hii ya uongo inakaa imeinua kichwa, inakutazama usoni ili uichume. Stroberi ya mlimani ina haya. Inainama, inajificha chini ya jani. Ukisimama wima kama mwanajeshi hivyo huioni hata moja."

Alisema haya yote haraka haraka, akiwa hamtazami, maana kuhusu stroberi angeweza kuzungumza hata na adui yake. Bibi yake, Eduvina, ndiye aliyemlea na kumfundisha: kwanza nusa, ndipo utafute. Aliposhtuka alijikuta amechuchumaa, na Nolberto amechuchumaa kando yake, na bega la mwanamume yule liko umbali wa kiganja kimoja tu na la kwake.

"Nionyeshe," Nolberto akasema kwa sauti ya chini.

Otilia akakunja jani moja. Lilikuwa nene, lenye vijani vitatu, juu kijani kinachong'aa, chini lina manyoya laini ya rangi ya fedha. Akaushika mkono wa Nolberto, bila kufikiri, akaupitisha chini ya jani ili ayahisi manyoya yale. Mwaka mzima haukuwa umefuta chochote. Kiganja kilikuwa kilekile, kigumu kwa kamba za farasi, chenye kovu kwenye kidole gumba, na Otilia alikifahamu kuliko njia ya kwao.

Akauachia kama aliyeshika jiko.

"Sikufanyii wewe," akasema. "Ninamfanyia mgonjwa. Chukua upande ule wa jiwe. Zile zilizoiva zina rangi mpaka kwenye kikonyo. Zenye shingo nyeupe ziache. Na usikanyage vitambaazi, hizi nyuzi za mmea zinazotambaa chini."

* * *

Kiangazi kilichopita walikuwa wachumba. Harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa Machi, baada ya mavuno, na mama yake Nolberto, aliyeitwa kwa heshima doña Floridema, alikuwa ameshaanza kunenepesha nguruwe wa karamu. Si kwamba alimpenda sana Otilia. "Msichana aliyelelewa na bibi huwa na mdomo," alikuwa akisema. Lakini alikuwa amekubali, na aliyemshawishi ni Mirta.

Mirta alikuwa mdogo wake Nolberto, miaka kumi na saba, mcheshi, asiyetulia. Alimwita Otilia "wifi" hata kabla ya posa. Siku moja ya Desemba walipanda mlimani wawili, Otilia na Mirta, kila mmoja na kikapu chake. Juu ya mteremko kulikuwa na kibanda cha mbao cha marehemu mzee Cayul, baba yao Nolberto na Mirta, alimokuwa akilala zamani akichunga kondoo. Kilikuwa kimefungwa kwa miaka miwili. Otilia alimwambia Mirta wasikisogelee. Kila mtu kule anajua: nyumba iliyofungwa mlimani ni ya panya wa mkia mrefu, na vumbi lao lina ugonjwa. Redio hutangaza kila kiangazi, fungua madirisha, mwagia maji ya klorini, usifagie pakavu.

Walitawanyika kuchuma. Mirta akapotea kwa saa nzima. Aliporudi alikuwa na vumbi kwenye nywele, na kicheko ambacho hakuweza kukizuia.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Siri, wifi. Utajua Jumapili."

Jumapili haikuleta kitu, maana Nolberto aliitwa ghafla kwenda kuhamisha ng'ombe wa tajiri wake. Na wiki ya tatu Mirta akaamka na homa na maumivu ya mgongo. Siku ya kwanza wakadhani ni mafua. Siku ya tatu akawa anahema kama aliyetoka kukimbia. Siku ya tano alikufa kwenye hospitali kubwa ya mjini. Maafisa wa afya walipanda mlimani na barakoa zao, wakakuta kibanda kimejaa mavi ya panya, wakakitia moto. Otilia mwenyewe alipimwa damu mara mbili, hakukutwa na kitu. Hata hilo lilihesabiwa kuwa kosa lake.

Makaburini, mbele ya watu wote, doña Floridema alimnyooshea kidole. "Wewe ndiye uliyempeleka. Mwanangu hakuijua njia ya mlima mpaka ulipomwonyesha. Umeniulia mtoto, na leo umekuja kumla nyama?" Otilia aligeuka kumtafuta Nolberto. Nolberto alikuwa amesimama kando ya mama yake, akitazama viatu vyake.

Tangu siku hiyo watu walivuka barabara wakimwona. Wanawake waliokuwa wakigombania stroberi zake sokoni walisema hawazihitaji mwaka huu. Na Nolberto hakuja hata mara moja.

* * *

Walichuma hadi jua likawa juu ya vichwa. Nolberto alijifunza haraka kuliko alivyotarajiwa, mara moja tu aliita, "Na hii je?" akiwa ameshika jani la mmea mwingine, Otilia akamjibu, "Hiyo mpelekee farasi wako." Kwa dakika chache ilikuwa kama zamani. Kikapu cha mianzi kilijaa nusu. Harufu ilipanda kutoka humo, tamu na nzito, hadi nyuki wakaanza kuwafuata.

Wakakaa kivulini. Otilia akamnyooshea chupa ya maji bila kumtazama. Kutoka pale waliweza kuona doa jeusi juu ya mteremko, palipokuwa na kibanda. Nyasi zilikuwa bado hazijaota vizuri.

"Kila siku ninajiuliza," Otilia akasema. Hakuwa amekusudia kusema. Maneno yalitoka yenyewe. "Ninajiuliza aliingia mle kutafuta nini. Nilimkataza. Akarudi na vumbi kichwani, akicheka. Nami nikacheka naye! Badala ya kumuuliza, badala ya kumvua zile nguo na kumwosha nywele, nilicheka. Pengine mama yako ana haki. Pengine kweli nimemuua."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Wewe ulisema nini pale makaburini nikusikie?"

Nolberto alikuwa amegeuka rangi. Akaiweka chupa chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Acha kujiuliza, Otilia."

"Kwa nini niache?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma."

Otilia alimtazama. Nyuki mmoja alitua kwenye mkono wake akatembea hadi kwenye kifundo, naye hakumfukuza.

"Nilikuwa nimenunua pete," Nolberto akasema. "Nilitaka Jumapili nikulete pale. Baba alinionyesha ziwa kwa mara ya kwanza nikiwa mlangoni pa kibanda kile, nikataka na mimi nikuvalishe pete palepale. Nikamwambia Mirta, mkienda kuchuma, chopoka, unisafishie, uweke meza. Alifurahi kuliko mimi. Ufagio nilimwekea kwa mkono wangu, nikauficha njiani siku iliyotangulia ili usiuone."

"Ulimwambia amwagie dawa kwanza?"

Nolberto aling'oa unyasi mmoja, akauvunja vipande.

"Nolberto. Ulimwambia?"

"Sikumwambia. Nilikuwa na furaha, Otilia. Sikuwafikiria panya."

Otilia akasimama. Akashika shina la mti. Mwaka mzima ulipita mbele yake: usiku aliolia na mto mdomoni ili bibi asisikie, wanawake wa sokoni, mtoto wa jirani aliyemrushia jiwe, Misa ambazo hakuthubutu kuingia. Na mahali fulani kule chini, kando ya ziwa lile, kwenye nyumba yenye paa la bati, mwanamume huyu alikuwa akila, akilala, akiamka, huku anajua.

"Ulisikia aliponiita muuaji," akasema.

"Nilisikia."

"Ulikuwa umbali huu. Huu! Kama kutoka kwangu hadi kwako."

"Nilitaka kusema. Naapa kwa kaburi lake, mdomo haukufunguka. Nikasema nitasema kesho. Kesho mama alikuwa hawezi kusimama. Wiki iliyofuata akaacha kula. Kisha ikawa mwezi, na jambo likishakaa mwezi..." Alishika kichwa. "Nilikupenda kila siku ya mwaka huu."

"Ulinipenda!" Sauti yake ilipasuka. "Unipende, halafu uniache nibebe maiti ya dada yako peke yangu? Mapenzi gani hayo? Hata mbwa wangu akiiba nyama anajificha kwa haya, hanisingizii mimi!"

"Nipige ukitaka."

"Sikupigi. Ningekupiga ungejisikia vizuri."

Akageuka, akachukua kikapu. Nolberto akadhani anaondoka zake, naye akabaki amekaa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri hukumu.

"Inuka," Otilia akasema.

"Twende wapi?"

"Kwa mama yako. Stroberi hazilali. Nitamwandalia mimi, kwa mkono wangu, na akishakula utamwambia."

"Otilia, yule mtu anakufa. Unataka afe na uchungu huo?"

"Anakufa sasa hivi na uchungu, ila amenibandikia mimi. Nataka afe anajua nani hakumuulia mwanawe. Ni hilo tu. Sitaki kingine kwenu."

* * *

Kitanda cha doña Floridema kilikuwa kimesogezwa jikoni, karibu na jiko la kuni, maana alisikia baridi hata katikati ya kiangazi. Otilia alisimama kizingitini akikumbuka mwanamke mnene aliyeweza kumbeba kondoo begani. Kilichokuwa chini ya blanketi kilikuwa kidogo kama mtoto. Macho tu ndiyo yaliyobaki makubwa, meusi, makali.

"Nani amemruhusu huyu kuingia?"

"Nimejiruhusu mwenyewe," Otilia akajibu. "Nimeleta stroberi."

Mgonjwa alifungua mdomo ili amfukuze. Lakini harufu ilikuwa imeshaingia, imeshajaa jikoni kote, nayo ikamfikia. Mianzi ya pua yake ikapanuka. Akafumba macho, akageuzia uso ukutani.

Otilia hakusubiri. Alipajua jikoni pale. Alikuwa ameshawahi kuosha vyombo pale kwa matumaini ya kuwa mkwe. Akachukua bakuli, akaziponda stroberi kwa mgongo wa kijiko cha mbao, akanyunyiza sukari kidogo, kisha unga wa ngano ya kukaanga kutoka kwenye mtungi, akakoroga hadi ikawa uji mzito wa waridi. Akavuta kigoda, akakaa kando ya kitanda.

"Fungua mdomo, doña Floridema."

Kijiko cha kwanza alikipokea kwa hasira. Cha pili akakishikilia mdomoni. Cha tatu machozi yakaanza kumteremka kuelekea masikioni, naye hakuyafuta. Otilia alimfuta midomo kwa ncha ya aproni. Nolberto alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sema," Otilia akamwambia bila kugeuka.

Nolberto akasogea hatua moja. Akatazama viatu vyake; kisha, kwa shida, akainua uso.

"Mama. Siku ile ya Mirta. Kibandani hakupelekwa na Otilia. Ni mimi..."

"Nyamaza."

"Hapana, Mama, acha niseme. Ni mimi niliye..."

"Nyamaza, najua." Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. "Ulimpa ufagio. Ulitaka kumvisha huyu pete. Najua yote."

Nolberto akashika fremu ya mlango.

"Aliniambia mwenyewe, kwenye gari la wagonjwa, tukienda mjini. Pumzi ilikuwa inamkatika, akaivuta barakoa pembeni ili aseme. Mama, akasema, usimlaumu Otilia, yeye alinikataza. Na umwambie Nolberto asijilaumu, tulikuwa tunamwandalia kitu kizuri. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kuyasema kwangu. Tulipofika wakamtia mpira wa kupumulia kooni."

Moto ulilia jikoni. Otilia alikuwa bado ameshika kijiko hewani.

"Ulijua," akasema polepole. "Pale makaburini uliponinyooshea kidole, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Mgonjwa alimgeukia. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alimtazama usoni.

"Nilibakiwa na mtoto mmoja. Ningemchukia yeye ningebaki na nani? Na ilinibidi nimchukie mtu, Otilia. Ningekufa siku ileile kama nisingemchukia mtu. Wewe ulikuwa karibu."

"Na mimi sina mtu wa kunililia?"

"Una bibi yako. Wewe ni mgumu. Nilisema, huyu atastahimili." Akameza mate kwa shida. "Siombi msamaha. Nikiomba sasa utadhani ninaogopa kufa."

Nolberto alikuwa ameteremka taratibu hadi sakafuni, mgongo kwenye fremu ya mlango, analia kwa sauti kama ng'ombe. Asijilaumu! Neno la dada yake lililotakiwa kumfikia mwaka mzima uliopita, lilikuwa limefungiwa chumba kimoja naye, meza moja, mkate mmoja. Mama alinyamaza ili amlinde. Yeye alinyamaza akidhani anamlinda mama. Na kati ya ukimya wa mmoja na ukimya wa mwingine walikuwa wamemlaza Otilia, wakamfunika.

"Nipe kijiko kingine," doña Floridema akasema.

Otilia alilitazama bakuli. Angeweza kulimwaga. Angeweza kuliweka chini na kutoka, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Mkono wake ulikaa hewani, kitambo kirefu. Halafu akachota, akampa. Akampa na kingine. Alimlisha hadi chini ya bakuli kukabaki mistari ya waridi tu, akaifuta nayo kwa kijiko, akamlisha. Kisha akaosha bakuli, akalifuta, akalirudisha kwenye rafu yake, akavua aproni.

Alipomruka Nolberto mlangoni hakumgusa.

* * *

Nolberto alimfikia langoni, amekimbia kumwahi. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Otilia, subiri. Nakuomba. Sasa kila kitu kimesemwa. Mama anajua, wewe unajua, mimi... Hakuna tena kinachotuzuia."

"Kipo."

"Nini?"

"Wewe."

Nolberto alitia mkono mfukoni akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Vidole vilimshinda kulifungua, akalifungua kwa meno. Pete ilikuwa nyembamba, ya fedha, ya kazi ya mikono ya kwao, na ua dogo limechongwa juu yake. Alikuwa ameibeba mwaka mzima, hata fedha imeshaanza kuwa nyeusi.

Otilia aliiangalia. Ilikuwa nzuri. Hilo lilimuumiza kuliko kama ingekuwa mbaya.

"Ningeipokea kibandani," akasema. "Hata pale makaburini ningeipokea, Nolberto. Katikati ya yale matusi, kila mtu akiwa ananitazama. Ungevuka hatua tatu tu, ungesimama upande wangu. Usingehitaji hata pete. Pale ndipo nilipokuhitaji."

"Nipe muda. Nitarekebisha."

"Rekebisha. Lakini usirekebishe ili nirudi." Akatia kikapu mkononi. "Mkorogee mwenyewe kesho. Zimebaki kiasi kwenye bakuli la bluu, nimezifunika. Sukari kidogo sana, tumbo lake haliwezi."

Alitembea hadi kona ya barabara akiwa wima. Alipohakikisha haonekani tena alikaa juu ya jiwe, akakumbatia kikapu kitupu, akalia mpaka mbavu zikamuuma, kwa sababu alikuwa bado anampenda, na mapenzi yale hayakuwa na pa kwenda.

Doña Floridema alikufa siku ya tatu. Otilia alimwambia bibi yake kwamba hatakwenda mazishini. Bibi Eduvina, ambaye alikuwa ameshavaa shali nyeusi, alimjibu, "Kaa basi. Mimi naenda kuhakikisha wamemzika vizuri, nisije nikakutana naye njiani," na Otilia akajikuta anacheka, akajikuta anatafuta viatu.

Walisimama nyuma kabisa, karibu na uzio. Jeneza liliposhushwa, kabla ya koleo la kwanza, Nolberto alivua kofia akawageukia watu. Alikuwa mweupe kama chokaa. Alisema yote. Alitaja ufagio, akataja pete, akataja kwamba Otilia Maripil alimkataza marehemu dada yake kukisogelea kibanda, na kwamba yeye, Nolberto Cayul, alisimama mahali hapa mwaka jana akasikia anatukanwa, akanyamaza. Aliyasema kwa sauti ya kufika hadi barabarani. Hakulia.

Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Mwanamke aliyekuwa akimkwepa sokoni alijifunika mdomo kwa kitambaa. Mwingine alisogea kando, akamwachia nafasi ya kupita mbele, kama mtu wa familia.

Otilia aliisubiri furaha. Mara ngapi alikuwa ameiwaza siku hii, watu hawa hawa, maneno haya haya! Aliisubiri, haikuja. Juu ya vichwa vya watu wote Nolberto alikuwa anamtazama, kwa yale macho ya dansini, bila kuomba kitu. Naye akamtazama. Hakuyakwepesha macho yake, alimpa hilo, hadi Nolberto mwenyewe alipoinamisha kichwa na kuchukua koleo.

"Magoti yangu yananiua," bibi Eduvina akanong'ona.

"Nishike, Bibi. Twende polepole."

Akampa bibi mkono, wakaanza kuteremka kwenye jua kali, hatua kwa hatua, na nyuma yao wakasikia udongo unaanza kuanguka.